Uzi Usiopitisha Maji: Utatuzi wa Matatizo ya Vifaa vya Maikrofluidiki Vinavyotengenezwa kwa Nyuzi za Polima

Vifaa vya maikrofluidiki, yaani vifaa vinavyopitisha na kuchanganya vioevu vya mikrolita chache katika mifereji myembamba, kwa muda mrefu vilihitaji vyumba maalumu visivyo na vumbi, vioo vilivyochongwa kwa kemikali na pampu za bei kubwa. Mwaka 2010 makundi mawili ya watafiti, moja la Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia na jingine la Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, yalionyesha kwamba uzi wa kawaida unaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwa kuwa mianya iliyo kati ya nywele zake nyembamba, yaani filamenti, huvuta kioevu kwa ukapilari bila pampu yoyote. Mwongozo huu unahusu njia mbili. Katika ya kwanza uzi wa poliesta au nailoni ndio mfereji wenyewe. Katika ya pili mshipi wa nailoni hutumika kama kalibu ndani ya mpira wa silikoni, kisha huchomolewa na kuacha tundu. Sehemu kubwa ya maelezo ni ya njia ya kwanza, kwa sababu ndiyo yenye dalili zinazodanganya: kitendanishi, yaani kemikali inayotoa jibu la kipimo, hulaumiwa ilhali kosa liko kwenye uso wa uzi.

Kipimo cha kufanya kabla ya kutafuta chanzo

Kata kipande cha uzi chenye urefu unaozidi kidogo sentimita 10, ukitandaze kati ya nguzo mbili ili kisiguse meza wala kitu kingine chochote, kisha weka alama kila baada ya sentimita moja. Dondoshea mwisho mmoja maji matupu yaliyokenekwa, yasiyo na rangi wala chumvi, na uandike muda ambao ncha ya maji inafika kwenye kila alama. Uzi mweupe uliolowa hupoteza weupe wake na kuanza kupitisha mwanga, kwa hiyo ukiweka karatasi nyeusi chini yake na taa ubavuni utaiona ncha hiyo ikisogea bila kuhitaji rangi. Rangi iachwe kwa makusudi katika hatua hii, kwa sababu zitakazoelezwa mbele.

Matokeo yasomwe kwa kanuni iliyotolewa na Lucas mwaka 1918 na Washburn mwaka 1921, inayosema kwamba umbali unaofikiwa na kioevu hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Maji yakifika sentimita ya kwanza kwa sekunde 4, yanatazamiwa kufika ya pili kwenye sekunde ya 16 na ya tatu kwenye sekunde ya 36. Kupungua kwa kasi kadiri maji yanavyosonga mbele si ugonjwa. Ndivyo ukapilari unavyofanya kazi, kwa kuwa kani ya kuvuta haibadiliki ilhali urefu wa njia yenye ukinzani unaongezeka. Kinachopaswa kutafutwa ni kupotoka kutoka kwenye mfuatano huo, na hasa namna kunavyotokea: kwa ghafla au kidogo kidogo, mahali pamoja kila mara au popote.

Tone linakaa juu ya uzi bila kuingia

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na chanzo chake mara nyingi ni mafuta ya kiwandani. Nyuzi za polima hupakwa mafuta ili zisikatike wala kukusanya umeme tuli zinapopita kwenye mashine, na nyuzi za kushonea huongezewa nta au silikoni ili sindano isipate joto. Poliesta yenyewe hailowani kwa urahisi: pembe ya mguso wa maji juu yake, yaani pembe ambayo ukingo wa tone hufanya na uso, ni kubwa, iko karibu na 75°, na kosaini ya pembe hiyo, ambayo kani ya kuvuta huifuata, ni 0.26 tu. Ukiishusha pembe hiyo hadi 30°, kosaini inakuwa 0.87, maana yake kani ya kuvuta imeongezeka zaidi ya mara tatu bila kubadilisha uzi. Kwa upande wa pili, utando mwembamba wa silikoni unaoivusha pembe hiyo mpaka wa 90° unatosha kuuzuia uzi kabisa.

Zungushia uzi kwenye fremu bila kuukaza, uloweke katika maji ya moto ya karibu 60°C yenye sabuni kidogo ya maji kwa nusu saa, kisha usuuze mara nyingi. Kipimo cha kujua kama umesuuzika ni kutia maji ya mwisho ya kusuuzia ndani ya chupa na kuitikisa: povu likibaki, sabuni bado ipo. Baada ya hapo upitishe kwenye isopropanoli, uuache ukauke mahali pasipo na vumbi, na urudie kipimo cha maji matupu. Wengi hukimbilia mashine ya plazima, yaani gesi iliyotiwa chaji kwa umeme, kabla ya kufua, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kupoteza umeme, kwa sababu plazima inaweza kuishia kubadilisha uso wa mafuta badala ya uso wa poliesta.

Ikiwa kufua hakukusaidia, chunguza uzi wenyewe kwa lenzi. Nyuzi nyingi imara za nailoni hugandishwa filamenti zake kwa utomvu ili zisifumuke, na uzi wa namna hiyo hauna mianya ya kuvutia maji hata ukifuliwa wiki nzima. Mshipi wa kuvulia nao ni filamenti moja nene isiyo na mwanya ndani, hivyo haufai kwa njia hii. Polipropilini ni tatizo la aina nyingine, kwani asili yake ni kukataa maji, na bila kubadilishwa uso wake isitarajiwe kuyavuta. Uzi unaofaa ni ule wenye filamenti nyingi, usiogandishwa, na ikiwezekana uliokunjamanishwa kiwandani ili uwe mwepesi na wenye mwanya. Nyuzi za kupindia kingo za nguo mara nyingi ni za namna hiyo. Zipo pia nyuzi zilizotengenezwa na mifereji ubavuni mwa kila filamenti, ambazo watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson nchini Marekani wamezitumia kutenganisha protini, lakini hizo hazipatikani kwa wauzaji wa vifaa vya ushonaji.

Jambo jingine la kuthibitisha ni kama uzi ulioandikwa poliesta ni poliesta tupu. Nyuzi nyingi za kushonea zina kiini cha poliesta kilichofunikwa kwa pamba, na pamba huvuta maji kwa tabia tofauti. Choma kipande kidogo kwa uangalifu: poliesta huyeyuka na kuacha shanga ngumu, ilhali pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini.

Uzi unavuta vizuri mara ya kwanza na vibaya mara ya pili

Dalili hii inaonyesha kwamba kilichokuwa kikisaidia maji kuingia si uso wa uzi bali ni mabaki ya sabuni, na sasa yamesukumwa mbele na maji ya kwanza. Hatari yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu sabuni hiyo husafiri pamoja na sampuli hadi mahali pa kipimo, ambako inaweza kudhoofisha kimeng'enya au kupasua seli. Suuza upya, na ukiona kwamba bila sabuni uzi hauvuti, tafuta badiliko la kudumu badala ya lile la kuazima.

Kwa poliesta, badiliko rahisi ni kuiloweka katika myeyusho wa sodiamu haidroksidi wa takriban 1 M wenye joto la 60°C kwa muda wa kuanzia nusu saa, ukivaa glavu na miwani ya kinga, kisha kusuuza hadi pH ya maji irudi ya kawaida. Alkali hukata minyororo ya esta iliyo usoni na kuacha vikundi vinavyopenda maji. Ikiachwa muda mrefu mno huila filamenti na kuufanya uzi uwe dhaifu. Nailoni haihitaji njia hiyo, na isipelekwe kwenye asidi kali, kwani asidi ndiyo adui yake. Plazima ya hewa huleta matokeo mazuri kwa zote mbili, ila faida yake hupungua katika siku zinazofuata kadiri minyororo ya usoni inavyojigeuza na kurudisha upande unaokataa maji. Kwa sababu hiyo tarehe ya kutiwa plazima inapaswa kuandikwa juu ya kila kifungu.

Maji yanaanza vizuri kisha yanasimama

Hapa ndipo namna ya kusimama inapoeleza karibu kila kitu. Chukua vipande vitatu vya uzi uleule. Vyote vikisimama mahali pamoja palipo na fundo, gundi au kona, kizuizi ni cha kimwili. Vikisimama mahali tofauti baada ya kupunguza kasi polepole, shuku uvukizi. Vikisimama kwa umbali ulio sawa japokuwa hakuna kizuizi, hesabu kwanza kama kioevu ulichotia kinatosha.

Hesabu hiyo ni nyepesi na hurukwa mara nyingi. Uzi wa teksi 30 una uzito wa gramu 30 kwa kila mita 1,000, yaani miligramu 0.3 kwa kila sentimita. Poliesta ina densiti ya 1.38, kwa hiyo sentimita moja ya uzi huo ina takriban mikrolita 0.22 za polima. Kama nusu ya ujazo wa uzi ni mianya, basi kila sentimita hubeba mikrolita nyingine 0.22 za kioevu, na njia ya sentimita 10 inahitaji mikrolita 2.2 kabla ya kuhesabu kinachopotea hewani au kinachobaki mahali pa kudondoshea. Mtu aliyetia mikrolita 2 na kulalamika kwamba uzi umekwama sentimita moja kabla ya mwisho hana tatizo la uzi. Kifaa kikihitaji kioevu kiendelee kutiririka baada ya kufika, weka pedi ya karatasi chujio mwishoni ili inyonye ziada.

Uvukizi huathiri uzi zaidi ya mfereji uliofunikwa kwa sababu uzi una eneo kubwa la uso kwa ujazo mdogo sana wa maji. Kasi ya maji inaposhuka hadi ikalingana na kiwango kinachopotea hewani, ncha husimama, na kila kilichoyeyuka ndani ya sampuli hujikusanya pale iliposimama. Pete ya rangi kali inayojitokeza mbali na eneo la kipimo ni ushahidi wake. Rudia jaribio ndani ya kisanduku chenye kifuniko na kitambaa kilicholowa. Maji yakisonga mbele zaidi, chanzo kimethibitika, na suluhisho ni kufupisha njia au kuifunika kwa karatasi ya plastiki isiyogusa uzi.

Kuhusu vizuizi, mkosaji mkuu ni gundi. Gundi ya sianoakrilati ni nyepesi kama maji na huvutwa na uzi kwa ukapilari uleule unaotegemewa na kifaa: unapoweka tone dogo kwenye ukingo wa fremu, huingia milimita kadhaa ndani ya uzi na kuganda humo. Kwa macho uzi unaonekana mzima, lakini ukiushika kwa vidole sehemu hiyo imekuwa ngumu kama waya. Tumia gundi nzito ya epoksi iliyokwisha kuanza kuganda, gundi ya kuyeyushwa kwa moto, au kata mkato mwembamba kwenye ukingo wa fremu na kuubana uzi humo bila gundi yoyote. Mafundo nayo yana kiasi chake: fundo lililolegea huacha pengo la hewa ambalo kioevu hakivuki, na lililokazwa mno hubana mianya hadi ikafunga. Msokoto mwingi na mvuto mkali wa uzi huleta athari kama hiyo ya pili, kwani vyote hubana filamenti na kuongeza ukinzani.

Rangi au kitendanishi kinabaki nyuma ya maji

Ncha ya maji imefika mwisho ilhali rangi iko nusu ya njia, au rangi ya kijani iliyochanganywa kwa bluu na njano imejitenga kuwa mistari miwili. Uzi haujaharibika, umegeuka kuwa safu ya kromatografia. Molekuli zinazoshikana na uso wa polima huchelewa, na zisizoshikana huenda pamoja na maji.

Nailoni ndiyo inayodanganya zaidi katika hili. Ina vikundi vya amino vinavyopata chaji chanya katika myeyusho wa asidi, na rangi nyingi za chakula, zikiwemo tatrazini na bluu angavu, zina vikundi vya salfoneti vyenye chaji hasi. Kwa hiyo anayejaribu uzi wa nailoni kwa rangi ya chakula iliyotiwa siki anafanya, bila kujua, kazi ya kiwanda cha kutia nguo rangi, kisha anahitimisha kwamba uzi wake hauvuti maji. Pandisha pH na uone kama rangi inasonga mbele. Poliesta haishiki sana rangi za aina hiyo, lakini hushika molekuli zinazokataa maji, na protini hujibandika kwa zote mbili.

Protini ikipotea njiani, loweka uzi mapema katika myeyusho wa asilimia 1 wa albumini ya damu ya ng'ombe, uusuuze kidogo kwa bafa (myeyusho unaotunza pH) yenye sabuni laini ya Tween 20 ya asilimia 0.05 na kuukausha. Albumini hukalia nafasi ambazo kimeng'enya au kingamwili yako ingezikalia. Baada ya kufanya hivyo rudia kipimo cha kasi, kwa sababu uzi uliofunikwa protini una uso mwingine kabisa na muda wa awali hauna tena maana.

Wanaopima kwa mng'aro wa fluoresensi wana mtego wao: nyuzi nyeupe za kushonea mara nyingi zimetiwa kemikali za kung'arisha weupe ambazo hutoa mwanga wa bluu zikipigwa miali ya urujuanimno. Pitisha tochi ya miali hiyo juu ya uzi mkavu gizani kabla ya kununua wa kutosha mradi mzima.

Kioevu kinatoka nje ya uzi

Ikiwa uzi umebandikwa juu ya utepe wa gundi na maji yanakimbia pembeni mwake kwa kasi kuliko ndani yake, kona iliyo kati ya uzi na utepe imekuwa mfereji wa ziada. Kuukandamiza utepe zaidi husaidia kwa muda tu. Suluhisho la uhakika ni kuuning'iniza uzi hewani na kuushika kwenye ncha zake pekee. Nyuzi mbili zisizopaswa kuchanganya vioevu vyake zisikaribiane kiasi cha tone moja kuzigusa zote mbili.

Tone likivimba mahali pa kudondoshea na kuanguka, unatia kioevu kwa kasi inayozidi uwezo wa uzi kukinywa. Punguza ujazo wa kila tone au sokota nyuzi kadhaa pamoja kwenye mlango wa kuingilia.

Damu inageuza uzi wote kuwa mwekundu

Uzi uliokusudiwa kuchuja seli na kupitisha plazima ya damu pekee ukitoa wekundu hadi mwisho, seli zimepasuka. Mshukiwa wa kwanza ni sabuni iliyobaki, iwe ya kawaida au ya maabara kama Triton X-100, na wa pili ni maji matupu yaliyotumika badala ya myeyusho wa chumvi ya asilimia 0.9.

Njia ya pili: tundu lililoachwa na mshipi

Hapa mshipi wa nailoni, kwa kawaida wenye kipenyo cha kati ya milimita 0.1 na 0.3, hutandazwa ndani ya chombo, humiminiwa silikoni ya PDMS, na huchomolewa baada ya silikoni kukomaa.

Silikoni ikibaki kunata kuzunguka mshipi au kwenye kingo za chombo ilhali kwingine imekomaa, kichocheo chake cha platinamu kimetiwa sumu. Salfa, amini na michanganyiko ya bati ndivyo vinavyofanya hivyo. Salfa hutoka kwenye glavu za mpira asilia na kwenye baadhi ya udongo laini wa kuchezea watoto, ambao watu hupenda kuutumia kuziba pembe za chombo; amini hutoka kwenye gundi za epoksi. Kuongeza muda wa kuoka hakuondoi tatizo. Badilisha glavu, ziba kwa utepe na uanze upya. Kunata kwa sehemu zote bila ubaguzi ni jambo tofauti: uwiano wa 10 kwa 1 wa silikoni kwa kikomazishi chake haukupimwa vizuri au mchanganyiko haukukorogwa hadi chini ya kikombe.

Viputo vilivyojipanga kando ya mshipi hutokana na hewa iliyokorogewa ndani au unyevu wa nailoni yenyewe, ambayo katika hewa ya kawaida hubeba maji ya takriban asilimia 4 ya uzito wake. Kausha mshipi katika oveni kabla ya kuutumia, toa hewa kwenye silikoni kwa ombwe, na uoke kwa 65°C kwa saa 4 badala ya kukimbilia 150°C kwa dakika 10.

Mshipi ukikatika wakati wa kuchomolewa, ama ulivutwa kwa pembe au kwa pigo. Uvute ukiwa umenyooka na tundu lake, polepole: nailoni ikinyooshwa hupungua unene na kujibandua kutoka ukutani kidogo kidogo, na ubanduaji huo unapaswa kupewa muda wa kufika mwisho wa pili. Njia ndefu zaidi inaweza kulegezwa kwa kuloweka kipande chote katika heksani, chini ya mfumo wa kuvuta hewa, kwa kuwa silikoni huvimba na tundu hupanuka.

Tundu likikataa kujaa maji, kumbuka kwamba PDMS hukataa maji kwa pembe ya mguso ya karibu 110°, hivyo ukapilari hauvuti bali unasukuma nje. Jaza kwanza kwa ethanoli kisha ufuatishe maji kwa sirinji. Ukibadilisha mshipi wa milimita 0.2 kwa wa 0.1 na sirinji ikaanza kuvuja kwenye kiungo, usilaumu kiungo peke yake, kwa sababu ukinzani wa tundu lenye urefu uleule umepanda mara 16.

Vifaa vinavyofanana vinatoa majibu tofauti

Ikiwa kila kifaa kinafanya kazi lakini hakuna viwili vinavyolingana, tafuta tofauti katika vitu ambavyo havikuandikwa: roli ya uzi, kiasi cha mvuto wakati wa kufunga, na unyevu wa hewa siku ya jaribio. Mvuto hudhibitika kwa kuning'iniza uzito uleule mwishoni mwa kila uzi wakati unapobanwa, badala ya kutegemea mkono. Roli mpya ifuliwe na kupimwa kwa maji matupu hata kama lebo yake ni ileile, kwa kuwa kiwanda kinaweza kubadilisha mafuta yake bila kubadilisha jina. Vifaa vilivyokwisha kutiwa vitendanishi vihifadhiwe ndani ya mifuko iliyofungwa pamoja na vifuko vya silika, na kutoka kila kundi kitolewe kimoja cha kupima muda wa sentimita 5 kabla ya vingine kupelekwa kwenye sampuli.